Wageni Wanakuja Julai: Mwongozo kwa Kijana wa Fildi Kabasa

Ukipata nafasi ya fildi katika asasi inayopokea vijana wa kujitolea kutoka ng'ambo, wiki ya kwanza utapewa kazi ya kutafsiri, kutoa fotokopi na kwenda kupokea mizigo stendi ya Bunda. Zifanye bila kununa. Ila ujue kwamba si hizo zinazokupa thamani pale ofisini. Ratiba ya wageni wale imeandikwa mbali, na watu wanaozijua vizuri likizo za kwao na bei za tiketi za kwao. Huenda katika mpango mzima wewe ndiye pekee unayejua kwamba Julai watu wa Kabasa wako kwenye pamba.

Ninakuandikia wewe kijana wa Kabasa, au wa Guta, Butiama au Musoma mkoani Mara, unayesoma maendeleo ya jamii pale Buhare au ustawi wa jamii chuo kingine, na umepata miezi miwili mitatu ya kushika kona moja ya mpango wa namna hii. Kazi yako, kwa maoni yangu, ni moja: kuivuta ratiba ya ng'ambo mpaka ikae juu ya kalenda na mahitaji ya wenyeji. Mengine yote, kuanzia barua za mkurugenzi hadi chandarua cha mgeni, yanatoka hapo.

Kabla hujasema ndiyo

Kwanza jiangalie mwenyewe. Kuna fildi ya mwanafunzi, ambayo chuo kinakutuma na barua, na kuna mafunzo ya uzoefu wa kazi kwa mhitimu. Ofisi ya Waziri Mkuu ilitoa mwongozo wa kitaifa wa mafunzo hayo mwaka 2017, na huduma ya ajira ya serikali, inayojulikana kama TaESA, huunganisha wahitimu na waajiri. Ujue uko kundi lipi, maana haki na matarajio hayafanani.

Halafu omba karatasi. Iwe fupi tu: utafanya kazi gani, msimamizi wako ni nani, saa ngapi kwa siku, nani analipa nauli na chakula cha mchana, na mwisho utapewa barua au cheti gani. Vijana wengi huona haya kuuliza nauli, eti wataonekana wana tamaa. Lakini fikiria: katika mipango mingi kijana wa ng'ambo au wafadhili wake wamelipa fedha nzuri ili afike Bunda kujitolea. Haiwezekani wewe utoe nauli ya bodaboda mfukoni kwa mama yako ili uende kumpangia malazi. Uliza, na uulize mapema.

Uliza pia kuhusu usajili. Mashirika yasiyo ya kiserikali yanasajiliwa chini ya Sheria Na. 24 ya mwaka 2002, na cheti kinatakiwa kuonekana. Ni wewe utakayepeleka barua kwa mtendaji wa kata anayemjua baba yako. Ukipeleka barua ya kikundi kisichojulikana, jina litakaloharibika ni lako.

Nani aliomba?

Mwaka 1961 kikundi cha kwanza cha Peace Corps, mpango wa Marekani wa watu wa kujitolea, kilipokuja Tanganyika, hakikuwa cha vijana waliojitokeza tu wakitafutiwa cha kufanya. Walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kwa sababu nchi iliyokuwa inaingia kwenye uhuru ilihitaji barabara na ramani, na wataalamu wa kuzichora walikuwa haba. Mwaka 1969 mpango huo ulifungwa nchini, serikali ya Mwalimu Nyerere, mzee wa Butiama, ikiwa imeshatangaza elimu ya kujitegemea, na ukarudi mwaka 1979. Uzipende au usizipende siasa za wakati ule, somo kwa mpangaji liko wazi: mwenyeji anaweza kuita, anaweza kukataa, na anaweza kuita tena. Mpango unaoanza na swali la "vijana wetu wafanye nini huko" umeshakosea mlango.

Kwa hiyo kabla ya kugusa ratiba, zunguka. Anza kwa mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa mtaa, mwalimu mkuu, mganga wa zahanati, viongozi wa vikundi vya akina mama, na usiwasahau mafundi. Usiulize kama wanahitaji wageni. Hakuna mtu Mara atakayekujibu kwamba hataki mgeni. Ataitikia, na wewe utaandika "jamii imekubali" kwenye ripoti ilhali umeandika heshima zake tu. Uliza hivi: kuna kazi gani mmeianza ikakwama? Imekwama kwa sababu ya fedha, ujuzi au watu? Nani anaifanya sasa? Ikimalizika, ufunguo utakaa kwa nani?

Majibu yatakushangaza kwa udogo wake. Shule itasema ina boma la darasa ambalo wananchi wamelinyanyua kwa nguvu zao na linasubiri bati. Zahanati itataka mtu wa kupanga kumbukumbu kwenye kompyuta na kumwachia muuguzi ujuzi huo. Kikundi cha akina mama kitataka kujua namna ya kuweka hesabu za kukopeshana. Kijana wa miaka 19 aliyetoka sekondari huko Ulaya anaweza kusaidia la pili na pengine la tatu. La kwanza hawezi, labda kwa kubeba mchanga siku ya nguvu kazi, pamoja na watu wengine wote, kwa sepetu ileile na jua lilelile.

Hapo kwenye ujenzi simama kidogo. Wafadhili wanapenda sana ujenzi kwa sababu ukuta unaonekana kwenye picha. Lakini Kabasa haina upungufu wa mikono ya kupanga tofali. Ina mafundi ambao wiki nzima wanasubiri kuitwa. Kila tofali analopanga mgeni kwa kujifunza ni kibarua ambacho fundi hakukipata, na mara nyingine ni ukuta ambao fundi ataubomoa jioni aujenge upya. Ukiona kwenye pendekezo "vijana watajenga vyoo vya shule", andika pembeni: fundi alipwe, wageni wasombe maji. Hilo la kusomba maji si tusi. Ndivyo wananchi wa pale wanavyojitolea, na mgeni akija kujitolea ajitolee kwa namna ya mahali alipofika.

Kalenda ina wenyewe

Vyuo na shule nyingi za Ulaya na Marekani Kaskazini hufunga kati ya Juni na Agosti. Ndiyo maana wageni huja Julai. Kwetu shule hufunguliwa Julai kwa muhula wa pili, na darasa la saba linaingia kwenye mwendo wa mwisho kuelekea mtihani wa Septemba. Kidato cha nne nao wanafanya mtihani wao Novemba. Mwalimu mkuu atawapokea wageni wako kwa tabasamu, kisha atakuomba kimya kimya wasilisogelee darasa la saba. Mtangulie. Pendekeza madarasa ya chini, maktaba, au vipindi vya michezo baada ya saa za masomo.

Pamba, kama nilivyosema, huchumwa kuanzia Mei, na msimu wa kuuza unaweza kufika Agosti. Mama unayemtegemea awe mwenyeji anatoka nyumbani alfajiri. Mikutano ya saa nne asubuhi itakosa watu, nao wale wa ng'ambo wataandika kwamba "mwitikio wa jamii ulikuwa mdogo". Peleka mikutano saa kumi jioni. Machi hadi Mei ni masika, barabara za ndani zina tope. Oktoba hadi Desemba watu wanalima na kupanda.

Kuna na siku za wiki. Mara ina Wasabato wengi, na kuna Wakatoliki, Wamenoni, Waislamu na makanisa mengine. Ukipanga mafunzo ya akina mama Jumamosi, umewaacha Wasabato nje; ukiyapeleka Jumapili asubuhi, umewaacha wengine. Ijumaa mchana vivyo hivyo. Ongeza siku ya mnada. Ukishaondoa zote hizo, utaona kwamba wiki ya "siku tano za kazi" iliyoandikwa kwenye jedwali la ng'ambo ina siku tatu za kweli, na hilo ni jambo la kuandikwa mapema.

Tena acha siku tupu. Ukitokea msiba mtaani, kazi zitasimama, na ni haki zisimame. Mgeni aliyefundwa vizuri atakwenda kukaa msibani na wenzake badala ya kuuliza kwa nini ratiba haikufuatwa. Mpangaji mzuri anaacha nafasi ya jambo hilo kwa sababu anajua litakuja.

Barua, tena barua

Sehemu hii haina utamu, lakini ndiyo inayoangusha mipango mingi. Kundi la wageni halipelekwi kwenye kata kwa kufahamiana tu. Barua huanzia kwa Katibu Tawala wa Mkoa pale Musoma, zinashuka kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri, ndipo zifike kwa watendaji. Sasa angalia ramani: Kabasa iko Halmashauri ya Mji wa Bunda. Kama mpango wenu una kazi Kabasa, ziara ya makumbusho ya Mwalimu Nyerere Butiama na siku mbili za mafunzo Musoma mjini, mmegusa halmashauri tatu. Barua ya Bunda haikuvushi Butiama. Andaa tatu, na kila moja iwe na majina ya wageni, uraia, tarehe, shughuli na mahali watakapolala.

Uhamiaji usiuchezee. Viza ya kawaida ya matembezi, ambayo wageni wengi huilipia dola 50 na Wamarekani dola 100, si ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Wanaokuja kujitolea kwa muda mrefu huombewa kibali cha ukaazi daraja C, kundi moja na wanafunzi, watafiti na wamisionari. Kwa muda mfupi kuna pasi nyingine. Kazi yako si kukariri ada, kwani hubadilika, bali kuhakikisha msimamizi wako amekwenda ofisi ya Uhamiaji Musoma kabla tiketi hazijakatwa. Usikubali kamwe kutumwa umwambie mgeni aseme mpakani kwamba ni mtalii. Anayepita Nairobi kwa basi na kuingilia Sirari mkumbushe pia kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana anatoka Kenya, na pale kadi huulizwa.

Fomu za wageni zina namba za pasipoti, magonjwa na majina ya wazazi wao. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi nchini. Usizirushe kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi ili "kila mtu awe nazo".

Nyumba za wenyeji

Hapa ndipo mpango unapoishi au kufa, na hapa ndipo kijana wa Kabasa anapomzidi mtaalamu yeyote kutoka makao makuu.

Desturi mbaya ni kuwapeleka wageni kwa wakubwa: kwa mwenyekiti, kwa mchungaji, kwa diwani, kwenye nyumba yenye geti. Mwaka unaofuata ni nyumba zilezile. Mtaa unaona, na unanyamaza, na wivu unaota mizizi. Afadhali tengeneza vigezo na uvisome mbele ya watu kwenye mkutano: choo kinachofaa, chumba chenye mlango unaofunga kwa ndani, maji yasiyo mbali, mtu mzima anayekuwapo usiku. Nyumba ya kawaida ya bati inaweza kuvitimiza vyote. Kisha nenda nyumba kwa nyumba.

Ukifika, baba ndiye atakayekukaribisha, na baba ndiye atakayekubali. Usiondoke hapo. Omba ruhusa uongee na mama, ikiwezekana jikoni kwake. "Shikamoo mama, nimekuja kuhusu wale wageni. Baba amekubali. Wewe mwenyewe unaonaje?" Halafu kaa kimya umsikilize. Ni yeye atakayeamka kuchemsha maji, atakayefikiria mboga, atakayekaa macho mgeni akichelewa kurudi. Muulize nani anateka maji pale nyumbani. Kama jibu ni binti wa darasa la sita, basi kila ndoo ya mgeni ni dakika za daftari la binti huyo. Andika kanuni, na izingatiwe: mgeni anateka maji yake, anafua nguo zake, anaosha vyombo kwa zamu na watoto wengine.

Kuhusu chakula, mwondolee mama wasiwasi mapema. Wapo wanaokopa dukani ili mgeni apate mkate, siagi na soda, kisha deni linabaki mgeni ameshapanda ndege. Mwambie ugali wa muhogo na mtama, dagaa, sato akipatikana, matembele na maharage vinatosha kabisa. Kama kuna mgeni asiyekula nyama, mweleze mama kabla, kwa taratibu, asije akadhani kitoweo chake kimedharauliwa. Na mweleze mgeni kwamba sahani ikiletwa mbele yake, hata asipoweza kuimaliza, aonje.

Fedha ya mwenyeji ilipwe kabla, si mwezi ukiisha, kwa sababu chakula hununuliwa kabla hakijaliwa. Iingie kwenye simu ya mama kwa makubaliano yaliyosemwa mbele ya baba. Na usisahau ada ya kutolea.

Zipo fikra za kuwaweka wageni wote hotelini mjini ili "wasisumbue jamii". Kwa kundi la wiki mbili zinaweza kuwa sawa. Kwa miezi mitatu ni hasara: wanatoka asubuhi kwa gari, wanarudi jioni kwa gari, na Kabasa inabaki kuwa mahali pa kazi wanapopapitia.

Watoto

Kama pendekezo lina kituo cha watoto yatima, piga breki. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la haki za mtoto lililogusa waziwazi madhara ya wageni kujitolea kwenye vituo vya watoto. Watoto wengi wanaolelewa vituoni duniani wana mzazi hai au ndugu. Wageni wanaolipa ili kuwabeba huwa sababu ya vituo kutafuta watoto zaidi. Na mtoto anayezoea mtu mpya kila wiki nne, kisha akaachwa, anaumia kila mara. Sema hapana, na upendekeze badala yake kazi na walezi, na shule, au na ofisi ya ustawi wa jamii.

Kwa kazi yoyote itakayomkutanisha mgeni na walio chini ya miaka 18, dai cheti cha polisi cha nchi yake, na mgeni asibaki faragha na mtoto. Picha za watoto ziombewe idhini kwa mzazi, zisitaje shule wala mtaa. Wenyeji wote wapewe namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto na wajue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liko wapi. Wakikuambia wageni wanataka kufanya "kampeni ya wiki mbili dhidi ya ukeketaji", waambie kazi hiyo hufanywa mkoani Mara na watu wanaokaa na mabinti hao mwaka mzima, kwenye nyumba salama, kwa hatari yao wenyewe. Mgeni wa wiki mbili anaweza kuchangia fedha.

Bajeti inasema ukweli

Omba kuiona. Wakisita kukuonyesha yote, omba sehemu ya Bunda. Chora safu tatu: fedha inayobaki ng'ambo, inayobaki Mwanza au Dar es Salaam, na inayofika Kabasa. Mara nyingi safu ya tatu ndiyo nyembamba kuliko zote, na hutahitaji kutoa hotuba; jedwali litaongea kwenye kikao.

Chukua hesabu ya mfano, namba za kufundishia tu. Wageni 8, siku 28, shilingi 15,000 kwa kila mgeni kwa siku ya chakula na malazi. Hiyo ni shilingi 3,360,000. Wakigawanywa wawiliwawili kwenye nyumba nne, kila nyumba inapata 840,000. Sasa jiulize: je, vijana wenyeji watakaofanya kazi bega kwa bega nao wamewekewa nauli na chakula? Kama hawapo kwenye bajeti, hawatakuwepo siku ya tatu, na mpango wa "kubadilishana utamaduni" utakuwa wageni wanane wakitazamana. Fundi amewekwa? Mkalimani, ambaye labda ni wewe? Gari la dharura? Je, kuna fungu la kumalizia kazi wageni wakishaondoka, maana rangi na bawaba huwa hazijanunuliwa?

Mhasibu wa ng'ambo atataka risiti. Mama ntilie hana mashine ya EFD, na bodaboda hana kitabu. Tengeneza mapema hati ndogo ya malipo yenye jina, namba ya simu, kazi, kiasi na sahihi, uichapishe ya kutosha, na uwaandikie wa ng'ambo waikubali kabla fedha haijatumika. Asiyefanya hivyo huishia kununua kila kitu kwenye maduka makubwa ya mjini ili tu apate risiti. Na kwa kuwa fedha huja kwa yuro au dola, acha fungu la tahadhari. Shilingi haikai mahali pamoja.

Kuandikiana na ng'ambo

Sisi tumelelewa kumjibu mkubwa "sawa" na kutafuta njia ya kukwepa baadaye. Kwenye kazi hii tabia hiyo ina gharama: atakayesoma "sawa" atakata tiketi nane. Ukipinga, pinga kwa maandishi, leo, ukitoa sababu na mbadala. Kwa mfano: tarehe 6 hadi 10 Julai shule ndiyo inafunguliwa na walimu wako kwenye usajili, tunapendekeza tuanze tarehe 20, na wiki hizo mbili wageni wajifunze Kiswahili na kukaa na familia. Hapo umewapa kitu cha kukubali.

Kila simu ikiisha, andika muhtasari wa mistari mitano: tumekubaliana nini, nani atafanya, lini. Saa ziandike kwa namna zote mbili, saa mbili asubuhi ya kwetu na saa 8:00 ya kwao, maana gari limewahi kwenda kupokea watu stendi saa sita kabla ya wakati.

Wakishafika

Siku mbili za kwanza wasifanye kazi yoyote. Wapelekwe kwa mtendaji na kituo cha polisi kujitambulisha, wafundishwe salamu, wanunue laini za simu. Mwongozo wa afya uwe wa mdomo na wa karatasi: chandarua kila usiku, homa yoyote ni kipimo cha malaria siku hiyohiyo, na ziwani wasiogelee. Ziwa Victoria lina kichocho, na kwenye baadhi ya fukwe za Bunda kuna mamba na viboko. Vijana wa kigeni hulisahau hili haraka kuliko yote, kwa kuwa maji yanapendeza. Andika kwenye kadi namba za hospitali ya Bunda, za hospitali ya rufaa ya mkoa, Mwalimu Nyerere, pale Kwangwa Musoma, na za Bugando Mwanza.

Wapange wawiliwawili na vijana wenyeji. Mpango wa Uingereza ulioitwa ICS, ulioanza 2011 na ambao mashirika ya VSO na Raleigh yaliuendesha hapa Tanzania pia, uliwaweka vijana wa miaka 18 hadi 25 wa pande zote kwenye kundi moja, kazi moja, na mara nyingi nyumba moja, kwa wiki kama 10 hadi 12. Ulikuwa na kasoro zake, lakini jambo hilo moja waliopanga walilipatia. Kijana wa Kabasa hakuwa mpishi wala mkalimani wa mtu. Alikuwa mwenzake, mwenye fulana ileile na jina kwenye ripoti ileile.

Jina lako nalo liwemo. Ukimaliza fildi, chapisha nakala tatu za ripoti: moja ya chuo, moja ya asasi, na moja ya mtendaji wa kata, kwa Kiswahili. Hiyo ya tatu ndiyo watu husahau, na bila hiyo mwanafunzi atakayekuja mwakani ataanza kuzunguka upya, kwa akina mama walewale, kuuliza maswali yaleyale.

Na kabla hujarudisha funguo za ofisi, uliza swali moja kwenye kikao cha mwisho. Kama asasi yenu inapokea vijana wa Kijerumani kupitia weltwärts, mpango ulioanza mwaka 2008, je, imeshawahi kutuma wa kwetu? Tangu 2013 mpango huo una upande wa kutoka Kusini kwenda Ujerumani, ambako kijana hutumikia hadi mwaka mmoja kwenye shule za chekechea, nyumba za wazee au miradi ya mazingira. Norway nayo, kupitia Norec, hugharamia mabadilishano ya pande zote mbili. Mashirika ndiyo yanayoomba nafasi hizo, kijana mmoja mmoja hawezi. Kwa hiyo ombi lazima lianzie ofisini kwenu, na aliyekaa karibu na meza hiyo sasa hivi ni wewe.